Mto safi, inzi mweusi na kifafa cha Mahenge

Haya jamani, leo nawaletea habari za wadudu. Mliozoea kunisoma nikilalamikia foleni ya Ubungo na bei ya nyanya mnisamehe, huko nitarudi. Lakini hii kitu imenikaa kichwani wiki mbili sasa na lazima niitoe.

Ilianza kama mzaha. Mshikaji wangu mmoja yuko Norway kwa masomo ya mazingira. Akanitumia picha ya jiwe lililotolewa mtoni, na juu yake kimdudu bapa chenye mikia miwili kama sindano. Wenyewe wanakiita inzi wa mawe, wataalamu wanasema plekoptera. Jamaa akaanza kunitambia: huku kila spishi inajulikana iko kijito gani, ramani zake zimechorwa tangu enzi za mababu, mwanafunzi akikuta moja mahali isipotegemewa inakuwa habari. Halafu akauliza, "Vipi huko kwenu Ifakara, mna ramani ya wadudu wa mtoni?"

Nilitaka kumjibu kwa dharau, nikashindwa. Nikaanza kusoma. Na jibu, ndugu msomaji, ni kwamba ramani tunayo. Ila ya kwetu haikuchorwa kwa raha ya kujua. Ilichorwa kwa damu.

Tummalize kwanza huyo mdudu wa Norway. Plekoptera utoto wake wote anaishi chini ya mawe kwenye maji yanayokimbia, yenye hewa nyingi na ubaridi. Maji yakichafuka yeye ndiye wa kwanza kuhama au kufa. Duniani kuna spishi zaidi ya 3,500, na nyingi ziko nchi za baridi. Afrika, ukiacha kule kusini kabisa, wako wachache, na wanaotawala ni wa jenasi moja tu, Neoperla. Tena kwa muda mrefu karibu kila Neoperla aliyeokotwa barani alitupiwa jina moja, spio, lililotolewa mwaka 1839. Yaani mto wa Norway kila mdudu ana kitambulisho chake, Afrika nzima wanatumia kimoja!

Afrika Kusini wana mfumo wa kupima afya ya mto kwa kutazama wadudu wake, kila familia ina alama. Familia ya hao Neoperla inapata 12. Mbu anapata 1, maana anaweza kuishi hata kwenye dimbwi la chooni. Mwaka 2015 Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha mfumo wa namna hiyo kwa ajili ya mito ya Tanzania. Kwenye orodha ya Afrika Kusini kuna mwingine anayepata 5, katikati hapo, si mchafu si msafi sana. Ni inzi mdogo mweusi anayeitwa Simulium. Huyo ndiye aliyenirudisha nyumbani.

Kwa wasiofika kwetu, bonde la Kilombero lipo hivi. Upande mmoja umesimama Udzungwa, upande wa pili milima ya Mahenge, na katikati ni tambarare pana ambayo masika hugeuka ziwa. Maji yanashuka milimani kwa kasi, yakifika chini yanachoka, yanatandaa kwenye majaruba ya mpunga na matete. Kwa hiyo wadudu wa bonde hili wamegawana makazi. Chini kwenye maji yaliyolala ni mbu. Juu kwenye maji yanayokimbia ni inzi mweusi. Sisi watoto wa Ifakara tumekulia na mbu, mpaka mji wetu umepata umaarufu duniani kwa sababu yake. Mwaka 1957 Mswisi Rudolf Geigy, mwanzilishi wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi kule Basel, alijenga maabara pale Ifakara. Ndiyo maabara iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Ya mbu yameandikwa sana, leo nayapita.

Mimi likizo nilikuwa napelekwa kwa bibi, Mahenge. Safari yenyewe haifiki kilomita 100 lakini ilikuwa ni siku nzima, kwa sababu ya kivuko cha mto Kilombero. Daraja lilizinduliwa mwaka 2018, sisi tulivuka kwa pantoni huku akina mama wakisali. Ukishavuka, gari linaanza kupanda, hewa inabadilika, na unaanza kusikia maji. Mahenge maji yanasikika kila mahali. Nilidhani ni peponi. Mbu wachache, maji baridi unakunywa kwa kiganja.

Tatizo lilikuwa hao inzi. Wadogo, weusi, wana mgongo kama kibyongo. Wanauma mchana kweupe, hasa ukikaa karibu na mto, na hawatoboi kama mbu, wanakwangua. Wakiondoka wanakuachia kitone cha damu na mwasho wa siku tatu. Bibi alikuwa akitufukuza mtoni: "Tokeni huko, mtaliwa!" Hakuwa na sababu nyingine zaidi ya hiyo, mwasho tu.

Na jirani wa bibi kulikuwa na mvulana wa rika langu. Nitamwita jirani tu. Kabla hajaanza kuanguka, alikuwa na jambo la ajabu: akiwekewa ugali, kichwa kinaanza kuinama, kinainuka, kinainama, kama mtu anayesinzia katikati ya mchana. Kwa Mahenge hali hiyo ina jina lake, wanasema "amesinzia kichwa". Wakubwa walijua kinachofuata. Mwaka uliofuata nilipokuja likizo alikuwa tayari ana kifafa, na ana sahani yake peke yake, na kikombe chake. Tuliambiwa tusiguse mate yake, na akianguka tusimshike. Mguu wake mmoja ulikuwa na kovu kubwa la moto, kwa sababu alipoanguka jikoni hakuna aliyemshika.

Sasa twende nyuma kidogo, maana hii ni habari ya historia.

Mwaka 1959 alifika Tanganyika daktari kijana wa Kinorwe, Louise Jilek-Aall. (Ndiyo, Mnorwe. Mshikaji wangu alifurahi sana nilipomwambia.) Mahenge alikuta watu wa kifafa wengi kupita kiasi, Wapogoro waliofichwa vibandani pembezoni mwa vijiji, wenye makovu ya moto, wanaoogopwa na ndugu zao wenyewe. Mwaka 1960 akaanzisha kliniki ya kifafa na kuwapa dawa, fenobabito, ya bei rahisi, na wengi wakapata nafuu. Ni yeye pia aliyeandika kuhusu watoto wanaosinzia kichwa, miongo kadhaa kabla dunia haijajua kwamba kuna kitu kama hicho.

Miaka hiyohiyo, kule chini Ifakara, Waswisi walikuwa na kazi nyingine. Mwaka 1965 Geigy na wenzake wawili, Colas na Fernex, walichapisha makala kuhusu ugonjwa wa usubi katika eneo la Ulanga. Mwaka 1969 mwenzao Häusermann akachapisha utafiti wa huyo inzi mweusi wa milima ya Mahenge, maisha yake na mazalia yake. Hii ndiyo ramani niliyokuwa naitafuta! Ramani ya mdudu wa mtoni, mto kwa mto, ya kwetu kabisa.

Usubi ni nini? Neno lenyewe ni jina la vimdudu vidogo vinavyouma, watu wa afya wakalifanya jina la ugonjwa. Inzi jike anahitaji damu ili akuze mayai. Anataga kwenye majani na mizizi inayoburutwa na maji, mahali penye kasi. Buu anajishikiza kwa ndoana na uzi kama wa buibui, anafungua vipepeo viwili mdomoni na kuchuja chakula kinachopita. Maji yakisimama anakufa kwa kukosa hewa na chakula. Kwa hiyo ukitaka kumjua anapoishi, fuata mlio wa mto. Inzi huyo akimuuma mtu mwenye minyoo, anachukua watoto wa minyoo, na baada ya siku kadhaa anawapanda kwa mtu mwingine. Minyoo wakubwa wanakaa ndani ya vinundu chini ya ngozi, wanaishi miaka kumi na zaidi, wakizaa watoto kwa mamilioni. Hao watoto ndio wanaotembea mwilini. Wakifika machoni mtu hupofuka, ndiyo maana Afrika Magharibi waliuita upofu wa mtoni. Kwetu Afrika Mashariki mzigo mkubwa huwa kwenye ngozi: mwasho usiokwisha, ngozi inakuwa kama ya kizee, miguuni inapata madoa kama ya chui.

Sasa tazama. Daktari yuko mlimani anahesabu wagonjwa wa kifafa. Watafiti wako chini ya mlima wanahesabu inzi wa mlima huohuo. Miaka ileile, wilaya ileile. Jilek-Aall alikuwa na mashaka kwamba minyoo ina mkono wake katika kifafa hicho. Lakini kati ya mashaka ya mtu mmoja na sayansi kukubali, umepita zaidi ya nusu karne. Kwa nini?

Sababu moja ni majina, na hapa ndipo mambo ya mshikaji wangu wa Norway yanapoingia. Inzi wetu alipewa jina Simulium damnosum mwaka 1903 na Mwingereza Theobald. Damnosum kwa Kilatini ni mwenye kuleta hasara, na jina halikukosea. Mwaka 1926 Blacklock alithibitisha kule Sierra Leone kwamba ndiye anayeeneza minyoo. Ila lilikuwa jina moja kwa bara zima, kama Neoperla spio. Mwaka 1966 Dunbar alichungulia kromosomu za mabuu kutoka mito ya Uganda na kukuta kwamba huyo "mmoja" ni wanne. Wanafanana kwa macho kama mapacha, lakini hawazaliani. Leo yametambuliwa maumbo yapatayo sitini. Yamepewa majina ya mahali: Nkusi, Sebwe, Turiani, Ketaketa, Sanje. Mtu wa Morogoro akisoma orodha hiyo anaweza kudhani ni vituo vya basi.

Na si utani wa wasomi, kwa sababu baadhi ya hao ndugu hawamuumi mtu kabisa. Wanakula ndege au wanyama. Unaweza kukuta mto umejaa mabuu na kijiji hakina ugonjwa, na mto mwingine mabuu machache na kijiji kimeisha. Mahenge, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayebeba lawama ni Nkusi, kwenye mito kama Luli na Mzelezi. Bila kujua ni yupi, unapigana na kivuli.

Ingawa, kusema kweli, kuna waliopigana na kivuli wakashinda. Kenya, bonde la Kodera kule Nyanza, mwaka 1946. Inzi wa kule ni mwingine, Simulium neavei. Garnham na McMahon walitafuta mabuu yake kwenye mawe, kwenye majani, hawakuyaona. Wakaamua kumimina DDT mitoni hivyohivyo. Inzi akatoweka! Ilikuwa mpaka mwaka 1950 ndipo ikagunduliwa alikokuwa amejificha: mabuu yanajishika kwenye gamba la kaa wa mtoni na kutembezwa naye. Waliua mpangaji bila kuijua nyumba. DDT hiyo, kwa wasiojua, nguvu yake ya kuua wadudu iligunduliwa Basel mwaka 1939 na Paul Müller, kwenye kampuni ya J.R. Geigy. Ndiyo, ukoo uleule wa Geigy wa Ifakara. Dunia ndogo. Kilichowapata wadudu wengine wa mito ya Kodera unaweza kukisia, maana DDT haibagui kati ya mwenye alama 12 na mwenye alama 5.

Mahenge hatukumwagiwa sumu mitoni kwa mtindo ule. Sisi tulipata vidonge. Dawa inaitwa Mectizan, iliyotokana na kijidudu cha udongo wa Japani. Kampuni ya Merck ilitangaza mwaka 1987 kuitoa bure, na wagunduzi wake Ōmura na Campbell walipata Nobel mwaka 2015. Mahenge ilianza kugawiwa mwaka 1997. Mgawa dawa ni mtu wa kijijini. Hakupimi uzito, anakusimamisha kando ya kijiti chenye alama na kukuhesabia vidonge kwa urefu wako. Dawa inaua watoto wa minyoo. Minyoo wazazi inabaki, inapumzika kuzaa kwa miezi, kisha inaendelea. Ndiyo maana unameza mwaka hadi mwaka.

Turudi kwenye kifafa. Mwaka 1992 daktari Mtanzania, Rwiza, pamoja na wenzake, walichapisha hesabu ya Ulanga. Walipita vijiji 11, watu wapatao 18,000, wakakuta 207 wenye kifafa. Ukihesabu wenye kifafa hai tu, wastani ni watu 10 katika kila 1,000. Lakini wastani ni kitu cha kudanganya. Kijiji chenye nafuu kilikuwa na 5 kwa 1,000, chenye hali mbaya 37. Mara saba, ndani ya wilaya moja, kabila moja, chakula kimoja! Niliposoma hiyo namba nilifunga kompyuta nikaenda kutembea. Wazee wetu walisema ni laana, ni pepo, ni mambo ya ukoo. Kama ni laana, mbona inachagua kijiji?

Halafu dunia ikaamka, tena kwa ajili ya wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 watoto wanaosinzia kichwa wa kaskazini mwa Uganda na wa Sudan Kusini walijaa kwenye vyombo vya habari, ikaitwa ajabu mpya. Ajabu mpya! Mahenge walikuwa nayo tangu miaka ya 1960, imeandikwa na kuchapishwa. Mwaka 2018 ukaja ushahidi mzito kutoka Kameruni, bonde la mto Mbam. Watoto waliopimwa minyoo mwaka 1991 na 1992 walifuatiliwa mpaka 2017, na kadiri mtoto alivyokuwa na minyoo mingi ndivyo alivyokuwa na hatari kubwa ya kupata kifafa baadaye. Namna minyoo inavyouharibu ubongo bado inabishaniwa, lakini uhusiano wenyewe umekuwa mgumu kuukana. Uganda walipounganisha dawa mara mbili kwa mwaka na kuua mabuu mitoni, wagonjwa wapya wa kusinzia kichwa wakakoma.

Na Mahenge? Mwaka huohuo wa 2018 ilichapishwa taarifa ya vijiji vya kwetu baada ya miaka 20 ya Mectizan. Kifafa bado kiko juu, na damu za watoto wa chini ya miaka kumi zinaonyesha kwamba bado wanaambukizwa. Miaka ishirini! Kuna wasiomeza, kuna wanaokosekana siku ya ugawaji kwa sababu wako mashambani, na kuna inzi ambao mto unawatoa kila siku bila likizo. Mwaka 2019 ugawaji ukaongezwa kuwa mara mbili kwa mwaka.

Jirani wa bibi hakuifikia 2019. Alitumwa maji, akiwa na umri wa miaka kumi na moja hivi, akachelewa kurudi. Walimkuta mahali ambapo maji hayafiki magotini. Aliangukia uso. Nilikuwa Ifakara, niliambiwa kwa simu ya baba, na nakumbuka mtu mmoja mzima sebuleni akisema afadhali amepumzika. Nilihesabu juzi: alizaliwa mwaka uleule dawa ilipoanza kugawiwa. Alikuwa mtoto wa kipindi cha Mectizan, kwenye makaratasi alipaswa kuwa salama.

Mwezi uliopita nilipanda tena Mahenge. Shangazi ndiye anayeishi kwenye nyumba ya bibi sasa. Nilimkuta na vidonge vyake vya awamu iliyopita, kavifunga kwenye pindo la khanga, hajameza.

"Shikamoo shangazi. Hivi mbona bado vipo?"

"Marahaba mwanangu. Vinaniwasha mwili mzima nikimeza, navimba na uso. Na mimi ugonjwa sina."

Nikamwambia mwasho ule ni minyoo inayokufa. Nikamweleza habari za inzi, za Uganda, za yule jirani. Alisikiliza muda mrefu bila kujibu. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo yule mtoto hakuwa na mate mabaya?" Nikasema hapana, shangazi, kifafa hakiambukizwi kwa mate. Akanyamaza, akatazama upande wa jiko la jirani, halafu akasema sahani ile alikuwa anaiosha yeye, kwa majivu, mbali na zingine.

Kabla ya kuondoka nilishuka mtoni. Nikavuta jani refu lililokuwa linaburutwa na maji, nikaligeuza. Yalikuwepo, mabuu meusi madogo kama punje za ulezi, yamejipanga yote yakiangalia upande mmoja. Uganda vijana huingia mtoni na mapanga kukata majani kama hayo, na inzi hupungua sana. Nikainua na jiwe. Chini yake kulikuwa na kimoja bapa, kina mikia miwili, kikakimbilia upande wa giza. Nikakipiga picha nikamtumia mshikaji Norway. Amenijibu asubuhi hii: anataka kujua ni spishi gani.